Meno ya Wahu

Kachibora,
4 Februari 2024.

Kwa mkaza mwana wangu Phelista,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mjukuu wangu. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Waithera amemaliza kupukuchua mahindi ya msimu uliopita na magunia yamepangwa. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Mguu wangu wa kushoto hunisumbua asubuhi tu. Ukishapata joto huniacha.

Unajua sipendi mazungumzo ya simu. Maneno ya simu kila mtu huyakumbuka anavyotaka. Kwa hiyo nimeandika, nami naomba unijibu kwa maandishi.

Jambo lenyewe ni hili. Abdishakur, mwuza vitambaa wa pale karibu na msikiti wa Kitale, alipita hapa Jumatano. Alisema kwamba alipokuletea kitambaa cha sare huko Kanduyi alimsalimu Wahu, naye mtoto akajibu huku ameziba mdomo kwa kiganja. Baadaye mtoto alijisahau akacheka, na Abdishakur akaona kwamba meno mawili ya mbele, ya juu, hayapo. Nanukuu maneno aliyoyasema hapa uani: "Mwalimu, huyo msichana amekuwa kama mzee, bana. Mdomo wa juu umeingia ndani."

Wahu ana miaka minane na miezi minane. Nimewafundisha watoto wa umri huo kwa miaka thelathini na minne. Aliyekosa meno ya mbele alikuwa ameanguka au amepigwa. Namwita Wahu mke wangu kwa haki, maana jina lake ni la marehemu mke wangu, na kwetu aliyerithi jina amerithi na heshima yake. Basi nauliza: ni nani aliyempiga mke wangu?

Usinijibu kwamba aliteleza kwenye ngazi. Nyumba unayokodi haina ngazi.

Shule zikifungwa mwezi wa nne, mlete kwangu.

Mimi, baba yake marehemu Kinyua,
Mbogo.


Kanduyi,
25 Februari 2024.

Kwa Baba,

Nakusalimu kwa heshima, nawe nisalimie Waithera. Pole kwa mguu, hongera kwa ndama. Huku jua limekuwa kali, vumbi la barabara kuu linaingia mpaka kwenye cherehani. Kazi ya sare imepungua kwa kuwa wazazi wengi walishanunua Januari, lakini hatulali njaa.

Baba, Wahu hajapigwa wala hajaanguka. Meno yake ya utoto yalitoka akiwa na miaka sita na nusu, yote mawili katika wiki moja, na mapya hayakuota. Mwaka juzi nilikuuliza. Ulisema nisiwe na haraka, kwamba marehemu Mama alikuwa na mwanya na mtoto ameurudisha nyumbani. Nyote mlifurahi. Waithera alisema, "Shosho amerudi na mlango wake wazi," yaani bibi yake. Basi nami nikangoja, nikangoja miaka miwili.

Mwezi uliopita nilichoka kungoja, nikampeleka kwa daktari wa meno mjini Bungoma. Ni mwanamke, anaitwa Mulki. Alimpiga picha ya eksirei, akaishika kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama Wahu, hebu hesabu," akaniambia.

Nikahesabu. "Daktari, si ni mengi?"

"Ni mengi. Unaona haya mawili madogo, yamechongoka kama misumari? Haya ni ya ziada. Hayakutakiwa kuwepo. Yamekaa hapa karibu na kaakaa, yamefunga njia. Yale makubwa ya mbele yako nyuma yake, mazima kabisa, yanangoja kupishwa."

"Na ni kosa la nani?"

"La nani tena? Hakuna kosa. Watoto wengine huumbwa hivyo."

Wahu alikuwa amekaa kwenye kile kiti kirefu. Akauliza, "Kwa hivyo mimi ni tajiri wa meno?" Daktari akacheka mpaka akashika meza. Ni mara ya kwanza mwaka huu nimemsikia Wahu akitania mbele ya mtu asiyemjua.

Daktari anataka kuyatoa hayo mawili kwa upasuaji, mtoto akiwa amelazwa usingizi wa dawa. Kabla ya hapo anataka kuona kijitabu cha kliniki cha utoto wake. Nilikiacha Kachibora nilipoondoka baada ya kumzika Kinyua. Mimi mwenyewe sikuwahi kukisoma sana, maana kliniki Mama ndiye aliyekuwa akimpeleka, nami nikiwa Kitale nikishona. Naamini kimo katika sanduku lake la bati. Tafadhali mpe Abdishakur aniletee.

Wahu anakusalimu sana.

Mkaza mwanao,
Phelista.


Kachibora,
31 Machi 2024.

Kwa Phelista,

Leo ni Pasaka. Tumetoka kanisani na mvua imetunyeshea njiani, nasi tumeshukuru, kwa kuwa shamba lilikwisha kulimwa na mbegu ziko tayari. Waithera ana kikohozi. Ndama anakua.

Barua yako nimeisoma mara nne. Niliuliza kuhusu meno mawili yaliyopungua; umenijibu kuhusu meno mawili yaliyozidi. Pamoja na Kiswahili nilifundisha pia hesabu. Mtoto aliyepungukiwa haambiwi kwamba amezidishiwa. Daktari anayeona meno mahali watu wote wanaona pengo anafaa kuangaliwa kwa jicho la pili, na mama anayekubali kuambiwa hivyo aangaliwe vilevile.

Nitasema wazi kinachonisumbua. Nasikia huko kwenu Tongaren wako wanawake wanaochimba fizi za watoto wachanga kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa, wakidai kwamba wanatoa meno ya plastiki, ati ndiyo yanayoleta homa na kuharisha. Je, mama yako au shangazi zako walimpeleka Wahu kwa mmoja wao? Kama walimpeleka, sema. Jino lililochimbwa likiwa changa haliwezi kuota. Hapo tutajua kwamba hadithi hii ya meno ya ziada imetungwa ili kufunika shimo.

Mpaka nipate jibu, mtoto asikatwe.

Nawangojea mwezi wa nne.

Mbogo.


Kanduyi,
28 Aprili 2024.

Kwa Baba,

Salamu za heshima. Mwambie Waithera achemshe tangawizi. Mvua huku imezidi, mfereji wa nyuma ya nyumba umefurika na shule zimechelewa kufunguliwa. Tu wazima.

Sikumleta Wahu, na sababu haikuwa mvua.

Siku nne kabla ya barua yako kunifikia tulirudi kwa daktari. Safari hii alitazama taya la chini. Akarudi kwenye picha, akarudi tena mdomoni. Kisha akamtuma Wahu nje akanywe maji.

"Mama, chonge za chini za utoto zilitoka lini?"

"Sikumbuki kuziona zikitoka."

"Hukuziona kwa sababu hazikuota. Na ile ya ukubwani ya kushoto haipo hata ndani ya mfupa. Ya kulia ipo, lakini imekunjamana. Huyu mtoto alichimbwa."

"Alichimbwa nini?"

"Meno ya plastiki. Sikushtaki, mama. Nataka tu unieleze ukweli."

Niliapa mbele yake. Hakuniamini, nilimwona machoni. Alinieleza kwamba hayo ni mambo mawili tofauti: juu ni maumbile, chini ni mkono wa mtu. Nilitoka pale nikamchukua Wahu. Sikumwambia yeyote, hata jirani yangu Rosaline ninayeshona naye meza moja.

Halafu nafungua barua yako, nakuta maneno yaleyale. Meno ya plastiki. Mimi sikuwa nimekuandikia neno hilo. Mama yangu na shangazi zangu hawakumbeba Wahu hata siku moja kabla hajafikisha mwaka, nawe wajua, kwa sababu tulikuwa tukiishi kwako.

Kwetu mkaza mwana hamhoji baba mkwe. Nimefunzwa hivyo na sijawahi kukuvunjia heshima. Lakini hili nitaliuliza mara moja tu, na kwa maandishi kama upendavyo. Baba, ulijuaje?

Kuhusu kukatwa: daktari anasema uso wa mtoto bado unajengwa. Jino linaposhuka, mfupa wa taya hushuka pamoja nalo. Lisiposhuka, mfupa hubaki mfupi, mdomo wa juu hukosa cha kuegemea, meno ya pembeni hulala kuelekea penye nafasi, na taya la chini huanza kutafuta njia yake. Nilidhani anatia chumvi. Nikampima Wahu kwa uzi, kutoka katikati ya paji la uso mpaka kidevuni, kama ninavyopima kola. Kidevu kimekwenda kushoto kwa upana wa kitufe cha shati. Mwaka jana hakikuwa hivyo, maana mwaka jana nilimshonea kola ileile na ilikaa sawa.

Shuleni watoto wanamwita Shosho. "Niaje Shosho! Shosho, meno umeacha kwa glasi?" Mwalimu akiomba wasome kwa sauti, Wahu anasema anaumwa na koo.

Kijitabu bado nakingoja.

Phelista.


Kachibora,
9 Juni 2024.

Kwa Phelista,

Tu wazima. Mahindi yamefika magotini. Viwavijeshi wameonekana upande wa kwa Kipketer, jirani yetu, nasi tumenyunyiza dawa mapema.

Umeniuliza nilijuaje. Mtu aliyesoma hujua mengi. Neno hilo limo katika vinywa vya watu kote huku. Kuuliza si kukiri, na sitaulizwa tena.

Kijitabu sikioni. Sanduku la marehemu liliingiliwa na panya, nayo makaratasi mengi yameharibika.

Wahu ni damu ya nyumba hii. Ikiwa huwezi kumleta, nitakuja na wazee wawili wa ukoo tumchukue kwa utaratibu, akasome hapa Kachibora mahali ambapo hatachekwa.

Mbogo.


Kanduyi,
7 Julai 2024.

Kwa Baba,

Natumai viwavi hawakuvuka kutoka kwa Kipketer. Huku tu wazima. Wahu amekuwa wa tatu darasani, na Kiswahili amepata alama za juu kuliko wote, kwenye karatasi. Ya kusoma kwa sauti hakufanya.

Wazee wa ukoo wakija nitawapikia, watakula, na watarudi bila mtoto. Naandika hili nikiwa na heshima zangu zote.

Waithera alinipigia simu Jumapili iliyopita. Nilimpa pole kwa panya waliokula makaratasi ya Mama. Akasema, "Panya gani? Sanduku liko sawa, si nilifuta vumbi juzi? Kijitabu baba alikitoa mwezi wa tatu, kiko kwa kabati lake, kwa ile droo ya ufunguo." Usimgombeze. Hakujua ulichoniandikia.

Sasa nisikilize, Baba. Upasuaji umepangwa tarehe 20 Agosti, likizoni. Daktari anasema ukichelewa mwaka mwingine, mizizi ya meno makubwa itakomaa yakiwa juu kule, na hayatashuka yenyewe. Atalazwa usingizi, na fizi itafunguliwa upande wa kaakaa, mahali penye damu nyingi. Wameniandikia maswali. Moja linasema: Je, mtoto amewahi kutokwa na damu nyingi isiyokoma, au kuongezewa damu? Nimejibu hapana.

Nikaenda nyumbani, nikakumbuka Januari 2016. Nililazwa siku kumi na mbili Eldoret kwa upasuaji wa tumbo, na Wahu, miezi saba, alibaki kwenu. Niliporudi alikuwa mweupe viganjani, hanyonyi vizuri. Mlisema ilikuwa malaria. Mama alikuwa akinipa uji na hanitazami.

Sikuulizi ulijuaje. Naomba unijibu kitu kimoja: nilipoandika hapana, niliandika kweli?

Phelista.


Kachibora,
28 Julai 2024.

Kwa Phelista,

Tumo katika palizi ya pili. Mguu umevimba kidogo. Nimempongeza Wahu kwa Kiswahili; tafadhali mfikishie.

Kijitabu kimepatikana. Namkabidhi Abdishakur. Chanjo zote zimeandikwa pamoja na uzito wa kila mwezi, kwa hiyo daktari hatakosa la kusoma. Sina la kuongeza.

Mbogo.


Kanduyi,
4 Agosti 2024.

Kwa Baba,

Salamu. Shule zimefungwa Ijumaa. Kijitabu nilikipokea mkononi mwa Abdishakur na nikakipeleka siku hiyohiyo.

Daktari alikifunua polepole. Akafika mahali, akarudi nyuma, akanionyesha kwa kidole. Ukurasa wa kumi na nne. Unaofuata, wa kumi na saba. Katikati pamebaki ukingo mwembamba, umenyooka kama nilivyozoea kukata lining'i, kile kitambaa cha ndani ya koti.

"Nani amekata hapa?" akauliza.

"Panya," nikamwambia.

"Panya wa kwenu wana wembe?"

Hakucheka, nami sikucheka. Amefuta ile tarehe 20. Anasema hatamlaza usingizi mtoto ambaye kijitabu chake kimekatwa penye mwezi ule niliomweleza, niliporudi kutoka hospitali nikamkuta mweupe viganjani. Akifungua fizi na damu isisimame, Wahu anaweza kufia mikononi mwake. Nafasi iliyobaki ni tarehe 27. Baada ya hapo orodha imejaa mpaka mwakani.

Wahu alikuwa mlangoni, sikujua. Njiani akaniuliza, "Mama, ni mimi nimeharibu?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi ni nani hataki niwe na meno?"

Baba, sina nguvu ya kugombana nawe na sitaki kukuaibisha. Kwa hiyo nakupa njia. Kama hutaki mimi nijue, tia ukurasa huo katika bahasha, uifunge kwa gundi, uandike jina la daktari. Nitaibeba. Sitaifungua. Naapa kwa kaburi la Kinyua. Yeye atasoma, atafanya kazi yake, na mimi nitakufa bila kuuliza.

Lakini ukurasa ufike kabla ya tarehe 27.

Phelista.


Kachibora,
8 Agosti 2024.

Kwa Phelista,

Bahasha hii sikuifunga. Ukurasa umo ndani. Abdishakur anangoja langoni, anakunywa chai aliyopewa na Waithera, na nimemwambia asipitie popote.

Usome kwanza hapa, kisha ukurasa.

Januari 2016, ulipokuwa Eldoret, Wahu alishikwa na homa na kuharisha. Zahanati walitupa dawa, zikaisha, homa ikarudi. Mke wangu alitaka tumrudishe zahanati, au tumpeleke Kitale. Mimi nilikataa. Nilisema watatupa dawa zilezile. Alikuwapo mwanamke hapa sokoni ambaye watu walimsifu, na ambaye amekwisha kuhama. Nilimwita mimi. Alikuja na spoki yake katika kitambaa.

Mke wangu hakukubali kushika mtoto. Alitoka akasimama kwenye zizi. Mimi ndiye niliyekiweka kichwa cha Wahu katikati ya magoti yangu na kukibana. Yule mwanamke alichimba chini, kushoto na kulia. Akatuwekea juu ya kijiko vitu viwili vyeupe, laini, akasema, "Mwalimu, umeona? Plastiki." Nikasema nimeona. Nilikuwa nimefundisha sayansi ya darasa la tano na bado nikasema nimeona. Zilikuwa chonge zake.

Damu haikukoma siku nzima, wala asubuhi iliyofuata. Ndipo nilipokubali Kitale. Walimwongezea damu. Muuguzi alinitazama nilipokuwa nimesimama na kofia mkononi, akaandika yale utakayoyasoma, pamoja na kwamba mtoto ameletwa na babu yake.

Nilimkataza mke wangu kukuambia. Aliniomba mara mbili. Mara ya pili alikuwa katika ugonjwa wake wa mwisho. Kila mwezi alipompeleka kliniki yeye mwenyewe, alikuwa akiulinda ukurasa huo usiuone, kwa amri yangu. Ulimwona hakutazami. Sasa unajua.

Abdishakur aliponiambia mtoto hana meno ya mbele, niliamini kwamba kazi ya magoti yangu imedhihirika. Nilijua palichimbwa chini na pengo liko juu. Hofu haikuniacha nitofautishe. Nikatafuta mtu wa kumtwika: kwanza aliyempiga, kisha watu wa kwenu, kisha daktari. Ukurasa niliukata Machi, siku ileile barua yako ya kuomba kijitabu iliponifikia.

Jana nilikuandikia barua nyingine nikisema kwamba mwenye kumwita yule mwanamke alikuwa marehemu. Niliimaliza, nikaitia sahihi. Asubuhi hii nimeitia motoni, kwa kuwa yeye hawezi kunijibu kwa maandishi.

Mpe daktari ukurasa. Mwambie ulipojibu hapana hukujua.

Mbogo.


Kanduyi,
1 Septemba 2024.

Kwa Baba,

Wahu ni mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta, nami sipendi uteseke ukisoma salamu.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye meza ya kukatia. Rosaline aliniuliza, "Ni habari ya msiba?" Nikaikunja barua. Nilifunga kazi siku mbili.

Daktari aliusoma ukurasa mara mbili, akaniomba radhi kwa kutoniamini. Akaagiza damu ya Wahu ipimwe, itazamwe inachukua muda gani kuganda, na chupa moja ya aina yake iwekwe tayari. Damu yake haina kasoro. Anasema wakati ule alitokwa hivyo kwa sababu aliyechimba alichimba mpaka kwenye mshipa. Ile chupa haikutumika, lakini bila ukurasa wako asingemgusa.

Wahu alikaa ndani saa moja na nusu. Meno mawili aliyoyatoa nimeyaona: meupe, yamechongoka, moja lilikuwa limegeuka kichwa chini. Ni madogo kuliko punje ya hindi. Makubwa yamebaki ndani, na njia iko wazi. Huenda yakashuka yenyewe kabla ya mwaka kwisha. Yasiposhuka, watayavuta kwa waya. Kidevu kinaweza kurudi katikati akianza kutafuna sawasawa. Chonge ya chini ya kushoto haitaota maisha yake yote.

Alipoamka kwa dawa alisema, "Sasa mimi ni maskini." Kisha akatapika.

Sitakuandikia kwamba nimekusamehe. Nikiandika leo nitakuwa nimeandika kwa sababu ya adabu, na wewe utajua. Mama ndiye anayeniuma zaidi. Nilimdhania moyo mgumu miaka yote ile.

Desemba Wahu hatakuja Kachibora. Wewe ndiwe utakayekuja huku, na usingoje Desemba. Kwetu baba mkwe halali nyumba ya mkaza mwana, kwa hiyo nimezungumza na kaka yangu, atakupa kitanda. Wazee wa ukoo usiwalete.

Wahu ameniuliza kwa nini chini hapana jino wakati daktari alisema mengine yote yapo. Nimemwambia kwamba wewe, Guka wake, babu yake, unajua. Sikumwambia zaidi. Anakungoja, na anadhani ni jambo la masomo.

Phelista.


Kachibora,
8 Septemba 2024.

Kwa Phelista,

Nimeshukuru. Sina neno lililo kubwa zaidi ya hilo, ningekuwa nalo ningeliandika.

Nitafika Jumamosi, tarehe 14, kabla ya adhuhuri. Nitakuwa peke yangu. Mwambie kaka yako asijisumbue kwa chakula cha pekee.

Kila asubuhi tangu nipate barua yako nimejaribu kupanga jinsi nitakavyomweleza. Nimeandaa masomo kwa miaka thelathini na minne na sijawahi kukosa sentensi ya kwanza. Hii siipati. Nikianza na homa yake, nasikika kama ninayejitetea. Nikianza na magoti yangu, naogopa atainuka aondoke kabla sijamaliza, na ana haki ya kuondoka.

Wewe unamjua kuliko mimi. Naomba unielekeze. Nimwambie kabla ya chakula au baada yake? Na niketi wapi, mbele yake au kando yake?

Mbogo.